Kaseti za Mufwankolo: namna ya kutafuta, kuokoa na kuandika vichekesho vya televisheni ya Lubumbashi

Kundi la Mufwankolo, waigizaji wa vichekesho wa Lubumbashi, Kongo, halikuandika michezo yake. Waigizaji walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, halafu kila mmoja akatoa maneno kichwani mwake mbele ya mikrofoni ya redio au kamera ya televisheni. Kwa hiyo anayekusanya vichekesho vya hapa hana kazi sawa na anayekusanya vya Uingereza au Marekani, ambako maandishi ya mchezo yalipigwa taipu, yakagawiwa studio nzima, na leo yanauzwa mnadani. Kwetu mchezo uko kwenye utepe, ama hauko popote. Ukinunua bango zuri la onyesho ukaacha kaseti yenye kuvu pembeni yake, umebeba mfuniko ukaacha sufuria.

Jua unachotafuta

Cha kwanza ni kaseti za VHS zilizorekodiwa majumbani. Vituo vingi vya televisheni duniani vilikuwa vikifuta kaseti zao ili zitumike tena, maana kaseti za studio zilikuwa ghali, kwa hiyo nakala ya sebuleni huenda ikawa ndiyo pekee iliyobaki. VHS ilitoka Japani mwaka 1976. Mtu akikuambia ana VHS "ya mwaka 1970", ama anakosea mwaka ama kilichomo kilinakiliwa baadaye kutoka utepe mwingine.

Cha pili ni kaseti za sauti. Watu wengi walikuwa wakiweka redio-kaseti mbele ya redio, au hata mbele ya spika ya televisheni, na kurekodi. Sauti ni mbaya, mtoto analia, mlango unagongwa, lakini maneno yamo, na maneno ndiyo mchezo. Usizidharau kaseti hizi. Ni rahisi kuziokoa kuliko VHS, na wauzaji hawajui thamani yake.

Cha tatu ni karatasi: picha za waigizaji, tiketi, matangazo, na magazeti ya wakati ule. Pekua *Mjumbe*, na pekua *Mwana Shaba*, gazeti la kampuni ya migodi ya shaba lililoanza mwaka 1957 wakati wa Union Minière na likaendelea chini ya Gécamines. Familia za wafanyakazi wa kambi zililiweka kwa marundo. Tafuta kwenye kurasa za burudani na za habari za kambi, si ukurasa wa mbele.

Ukikutana na muuzaji mwenye "maandishi halisi ya mchezo wa Mufwankolo", yenye maneno ya kila mwigizaji neno kwa neno, shika mfuko wako. Huenda ni maandishi ya mtu aliyesikiliza kaseti baadaye. Hayo nayo yana thamani yake, lakini si bei ya kitu cha asili.

Kuna mchezo mmoja ambao kutengenezwa kwake kuliandikwa hatua kwa hatua. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mkoa wa Shaba (Katanga), alipewa firigisi ya kuku mezani pamoja na usemi wa Kifaransa: *Le pouvoir se mange entier*, yaani madaraka huliwa mazima. Akawauliza waigizaji wa Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu tu, wakajenga mchezo mzima juu ya usemi ule, wakaurekodi kwa ajili ya televisheni. Kitabu chake, *Power and Performance*, kilitoka mwaka 1990. Kiko kwa Kiingereza, lakini maneno ya waigizaji yamechapwa humo kwa Kiswahili chao wenyewe, na tafsiri yake. Kama utanunua kitabu kimoja tu, nunua hicho, kwa sababu kinaonyesha mchezo ulivyobadilika kutoka mazungumzo ya kwanza, kupitia majaribio, hadi kurekodiwa.

Anza nyumbani kwa watu, sokoni baadaye

Kaseti iliyofika sokoni imeshapoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa hakuna anayejua ilitoka nyumba gani, nani alirekodi, siku gani. Pita kwanza kwa wazee wa mitaa ya Lubumbashi, yaani Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, na kwa familia za waliokuwa kambi za Gécamines. Waulize waliokuwa na televisheni wakati majirani hawana. Sebule zile ndizo zilizojaa watu, na baadaye ndizo zilizonunua magnetoskopi (mashine za VHS) mapema.

Usiende wakati wa kilio. Nyumba ikiondokewa na baba, mara nyingi kaseti ndizo zinatupwa kwanza, hilo ni kweli, lakini atakayekuja na pesa mkononi wakati watu bado wamelala uani atafukuzwa na atawafungia mlango wengine. Ngoja kilio kiishe, kisha pitia kwa mtu wa familia anayekujua. Na usiombe kununua. Omba kuazima:

— Mama, jambo sana. Ile makaseti ya teatre ya zamani, ya Mufwankolo, iko bado ku nyumba?

— Iko, baba. Lakini mashini ilikufa zamani.

— Haina neno, mama. Hapana kuuza njo minatafuta. Mutanikopesha siku tatu, nitarudisha yenu pamoja na kopi.

Tajo la kopi ndilo linalofungua sanduku. Watu wengi wanataka kusikia tena sauti zile kuliko wanavyotaka pesa yako.

Sokoni, tafuta kwa mafundi wa redio na televisheni kabla ya wauza nguo na vitabu. Fundi anakuwa na mashine zilizoachwa na wateja, na ndani ya baadhi yake kaseti bado imo.

Kagua kabla ya kulipa

Fungua kifuniko cha mbele cha VHS kwa kubonyeza kitufe kidogo cha pembeni, utazame utepe bila kuugusa. Kingo zake ziwe zimenyooka; ukiona mawimbi au mkunjo kama wa karatasi, sehemu hiyo itapita ikitetemesha picha. Halafu tazama kwa dirisha la juu. Rundo la utepe liwe jeusi, lenye kung'aa kidogo, sawasawa. Unga mweupe, nyuzi nyeupe au madoa ya kijivu ni kuvu.

Kaseti yenye kuvu usikubali ijaribiwe, hata muuzaji akisisitiza. Mashine yake itachukua kuvu na kuipaka kwenye kila kaseti itakayofuata, na utepe wenyewe unaweza kunata na kukatika.

Tazama pia kilimi cha plastiki mgongoni mwa kaseti. Kikiwa kimevunjwa, mtu alitaka yaliyomo yasifutwe, na hiyo ni dalili nzuri. Kikiwa kizima, jiandae kukuta harusi juu ya mchezo. Lebo isikudanganye. Kaseti iliyoandikwa "Théâtre" kwa kalamu nzuri inaweza kuwa na mpira dakika 180, na ile isiyo na jina ikawa na dhahabu kuanzia dakika ya 95. Rekodi mpya mara nyingi huwa fupi kuliko ya zamani, kwa hiyo kaseti huchezwa hadi mwisho kabisa, hata baada ya theluji ya skrini.

Kwenye kaseti za sauti, angalia kipande kidogo cha sponji au kitambaa katikati ya mdomo wa kaseti. Kikidondoka, sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyefunika mdomo. Kaseti haijafa, utachukua kipande cha namna hiyo kutoka kaseti nyingine. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba sana na hunasa kwa urahisi, kwa hiyo usizirudishe nyuma na mbele ovyo.

Kujua ni ya mwaka gani

Majina ya vitu yanasaidia kuliko kumbukumbu za watu. Élisabethville iliitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Zaire ilianza Oktoba 1971 ikaisha Mei 1997, na jina la Shaba lilitumika karibu muda huohuo. Jina la OZRT, shirika la redio na televisheni la taifa, ni la kabla ya Mei 1997. RTNC ni baada yake. Tiketi yenye bei ya zaïre haiwezi kuwa ya kabla ya 1967, na yenye *nouveau zaïre* haiwezi kuwa ya kabla ya 1993. Faranga ya sasa ilitoka 1998.

Kwenye picha yenyewe, tazama shingo za wanaume. Mwanamume aliyevaa kuigiza bosi au mkubwa wa serikali akiwa na abakosti, suti ya zama za Mobutu isiyovaliwa na tai, na wenzake wakimwita *citoyen*, anakuweka kati ya miaka ya mwanzo ya 1970 na Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi na tai zikarudi. Tai ikionekana shingoni mwa mtumishi wa serikali, una mchezo wa 1990 au baadaye, au mwigizaji anaigiza zama za Wabelgiji. Sikiliza kisa kabla ya kuamua.

Andika tarehe mbili tofauti: ya mchezo, na ya kurekodiwa kwa kaseti. Mchezo unaweza kurudiwa hewani baada ya miaka mingi.

Kwa nini picha haina rangi

Hapa ndipo kaseti nyingi nzuri zinatupwa bila sababu. Televisheni ya Zaire ilitumia mfumo wa rangi wa SECAM. Mashine nyingi zilizoingia mjini kupitia mpaka wa Kasumbalesa zilitoka Zambia na Afrika Kusini, nchi za mfumo mwingine, PAL. Ukitia kaseti ya SECAM kwenye mashine ya PAL peke yake, picha inakuja imetulia, ina mistari 625 kama kawaida, lakini nyeusi na nyeupe. Mtu anasema "kaseti imezeeka, rangi zimekufa". Rangi zipo. Mashine ndiyo haizisomi.

Tafuta mashine yenye maandishi PAL, SECAM na MESECAM, yote matatu. Hiyo ya mwisho usiipuuze: MESECAM ni njia nyingine ya kuweka rangi za SECAM kwenye VHS, na kaseti iliyorekodiwa kwa njia hiyo inaweza kutoka bila rangi hata kwenye mashine ya Kifaransa ya SECAM. Kama kaseti haina rangi kwenye mashine moja, andika hivyo daftarini, jaribu ya pili, kisha ya tatu, kabla ya kusema neno. Kampuni ya Funai, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo kila mashine utakayopata imetumika. Nunua mbili: nzuri ya kunakilia, na nyingine ya kutoa kafara kwa kaseti chafu.

Safisha mashine kabla ya kila kikao. Fungua kifuniko cha juu ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Lowesha kidogo kipande cha ngozi laini kwa alkoli ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kishikize bila kusogea kwenye ngoma ya vichwa (silinda inayozunguka na kusoma utepe), halafu zungusha ngoma yenyewe kwa mkono. Usisugue juu na chini, utavunja kichwa. Pamba ya masikio inaacha nyuzi. Itumie kwenye magurudumu tu.

Kaseti yenye kuvu au iliyokatika

Itenge kwenye bahasha ya karatasi, mbali na nyingine. Iweke ndani ya boksi lililofungwa pamoja na pakiti za silika kwa wiki kadhaa, hadi kuvu ikauke iwe unga. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ndicho kipindi cha kazi hii Lubumbashi. Wakati wa mvua utakausha leo na kesho imerudi. Vaa barakoa na fanyia kazi nje.

Kisha fungua ganda. VHS ya kawaida ina skrubu 5 chini, za bisibisi ya nyota. Zitoe, geuza kaseti juu ukiwa umeibana kwa mikono, ndipo uinue kifuniko. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, maana springi ndogo itaruka na hutakumbuka njia ya utepe. Toa unga kwa brashi laini, hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda safi la kaseti nyingine, urudishe mbele na nyuma mara moja kwenye ile mashine ya kafara, ambayo utaisafisha mara tu baada ya hapo.

Utepe uliokatika uunganishwe kwa gundi-tepe maalumu ya kuungia, upande usiogusa vichwa. Gundi-tepe ya ofisini inayeyuka kwenye joto na kupaka gundi kichwani. Hata ukiunga vizuri, usipitishe kiungo juu ya ngoma inayozunguka: nakili hadi karibu nacho, simamisha, toa kaseti, ruka kiungo kwa mkono, endelea.

Kunakili

Acha kaseti ikae chumba kimoja na mashine kwa saa 24. Unganisha mashine na kisanduku cha USB cha kunasa picha kwa waya wa vichwa vitatu, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Katika programu chagua SECAM, si PAL. Kosa hilo dogo linarudisha tatizo la rangi hata kama mashine ni sahihi. Nasa kwa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa MPEG-2 ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inachukua kama GB 3.6. Kama una diski kubwa, nasa bila kupoteza ubora, ujue saa moja inaweza kuzidi GB 30.

Kunakili hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa tatu inachukua saa tatu, na lazima mtu awepo. Sauti ikianza kuachana na midomo baada ya dakika kumi au ishirini, tatizo ni fremu zinazodondoka kwa sababu ishara ya kaseti inayumba au kompyuta imechoka. Funga programu nyingine, nasa vipande vifupi.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukikatika kaseti ikiwa ndani, utepe unabaki umezungushwa kwenye ngoma. Usivute. Ngoja umeme urudi, mashine itautoa yenyewe. UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA inatosha kabisa kwa mashine moja ya VHS na ni rahisi kuliko kaseti isiyo na mfano.

Kwa kaseti za sauti, kabla ya kurekodi, zungusha skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa taratibu hadi herufi kama "s" zisikike kali kuliko awali. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye redio-kaseti yake, na mwinamo wa kichwa hautofautiani kwa macho ila kwa masikio. Weka WAV, 48 kHz, biti 24. Stereo inakula karibu GB 1 kwa saa.

Picha za karatasi skani kwa dpi 600, mbele na nyuma, kwani muhuri wa studio ya picha uko nyuma. Usilaminishe. Joto na gundi ya plastiki haviondoki tena.

Andika maneno kama yalivyosemwa

Hii ndiyo sehemu wakusanyaji wengi wanairuka, na ndiyo inayofanya mkusanyo uwe historia. Saa moja ya mchezo inaweza kula saa nane hadi kumi za kuandika. Punguza mwendo hadi 0.75 kwenye programu ya VLC, andika nani anasema na dakika gani.

Usisahihishe Kiswahili. Mwigizaji akisema "batu beko mingi", usiandike "watu ni wengi". Akisema "eko ku nyumba", iache hivyo. Kifaransa kinachoingia katikati kiandike kama kilivyotamkwa, kwa sababu mara nyingi kichekesho kiko hapo: mtu mdogo anajaribu Kifaransa cha ofisini na kinamshinda. Ukisafisha lugha, umefuta mzaha. Weka maelezo ukurasa wa pembeni, si ndani ya maneno.

Kisha rudi kwa wazee na rekodi, uwachezee dakika chache. Usiulize "unakumbuka nini?" Uliza vitu vya kushikika: walikuwa wanatazama kwa nani, huyu anayecheza bibi ni nani, neno hili lilimlenga nani mtaani. Andika jina la jukwaani na jina halisi kwenye mistari tofauti. Majina hayo mawili yakichanganywa mara moja, yanabaki yamechanganyika kwenye kila nakala itakayofuata.

Kwa kituo cha televisheni, andika barua kwa Kifaransa kwa uongozi wa mkoa, fupi, ikiomba kitu kimoja: karatasi za programu za mwezi fulani wa mwaka fulani, zinazoonyesha tarehe na muda wa vipindi. Anayeomba "vyote vya Mufwankolo" hujibiwa kwamba hakuna. Pitia pia Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwenye kazi za wanafunzi wa historia na lugha.

Kuweka

Kaseti zisimame kama vitabu, utepe ukiwa umerudishwa mwanzo au mwisho, sentimita 10 kutoka ukutani na juu ya sakafu. Sanduku la bati chini ya paa la bati ni jiko. Mbali na spika. Angalia mchwa kila mwezi.

Faili ziwe nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine. Majina yaseme kitu: VHS014_Katuba_1988_sehemu1 inaeleweka hata na mtu asiyekujua.

Haki, na kurudisha

Kuwa na kaseti si kuwa na mchezo. Haki za waandishi na waigizaji nchini zinalindwa na sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kabla ya kupandisha chochote kwenye intaneti, omba ruhusa kwa waigizaji au familia zao na kwa kituo kilichorekodi, kwa maandishi. Kuazimana nyumbani na kusikiliza pamoja ni jambo lingine.

Rudisha kaseti siku uliyoahidi, pamoja na kopi kwenye fleshi. Tumia MP4, inayosomwa na televisheni nyingi za siku hizi. Fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo kata vipande vya dakika 45. Ichomeke kwenye televisheni yao, hakikisha picha na sauti vimetoka, ndipo uage.